Vipimo vya Zamani

"Unakwenda wapi, Shangazi?"

"Kununua baiskeli."

"Baiskeli ninanunua mimi."

"Najua," akasema, akiinama kufunga viatu vyake vya kutokea. "Mimi nakwenda kuhakikisha kinachonunuliwa ni baiskeli tu."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote kwa mwezi mzima. Tunaishi nyumba moja, mimi na yeye, tangu wazazi wangu walipofariki nikiwa na miaka tisa. Amenilea, amenisomesha, amenichapa nilipostahili na mara mbili nisipostahili. Lakini kwa miaka saba tulikuwa tukiishi kama wapangaji wawili waliopewa jiko moja. Chumvi iko wapi. Mlango umefungwa. Kesho nitachelewa. Basi. Mimi ndiye niliyeanza kunyamaza, nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe ilikuwa na duka la baiskeli upande wa pili wa mji.

Nieleze kwanza kazi yangu. Mimi huchanja kuku. Cheka, nitasubiri. Nazunguka nyumba kwa nyumba na boksi la barafu lenye chupa za chanjo, na watu wameniita Daktari wa Kuku mpaka nimezoea. Kuku wenyewe hawaniiti chochote, wakiniona hukimbia. Kutoka ofisini ni lami kwa nusu saa, kisha changarawe, kisha njia ambazo hata mbuzi hufikiria mara mbili. Zamani nilikuwa nikipakiwa kwenye pikipiki. Miaka mitatu iliyopita pikipiki iliteleza kwenye tope, nikavunjika nyonga, nikalala wodini wiki sita. Mguu wa kushoto ulibaki mfupi kwa upana wa kidole, na mgongo haukunjiki tena kama ulivyokuwa. Pikipiki sipandi hata mnivute kwa kamba.

Ndiyo maana nikaanza kutafuta baiskeli. Na sitaki mtu aseme nilikwenda kwake moja kwa moja, maana nilipita maduka mawili kabla. La kwanza walinionyesha baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba kama kidole gumba. La pili walinitolea ya kupandia milima, nzito kama kitanda cha mninga.

"Unataka ya lami au ya porini?" muuzaji akaniuliza.

"Zote mbili."

"Mama, chagua moja."

Nikatoka nje, nikasimama kwenye jua kwa muda, kisha nikapiga namba ambayo sikuwahi kuifuta.

"Halo, duka la baiskeli."

Sauti ilikuwa ileile. Nikajikaza, nikaongea kama mteja. "Nataka baiskeli ya kupita lami na changarawe. Tairi pana kiasi, gia nyepesi za kupandia mlima, na karia imara ya kubebea boksi la chanjo."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Njoo Jumamosi asubuhi," akasema. "Nitakuwa nimeshaiunganisha."

"Huniulizi hata urefu wangu?"

"Nimeuandika."

Simu ikakatika. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye cheti cha serikali cha kuchanja ndege, nikabaki nimesimama kando ya barabara nikitabasamu peke yangu kama msichana wa shule.

*

Wanamwita Spoku, kwa kuwa mwembamba kama njiti ya gurudumu. Nilipoingia alikuwa amepiga magoti anakaza nati, na aliponyanyuka nikaona nywele zimeanza kumwacha juu ya paji la uso. Macho hayakuwa yamebadilika. Yalinitazama, yakaenda kwa Shangazi, yakashuka sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, fundi?"

"Sijambo."

"Na kazi?"

"Inakwenda, mama. Karibu ukae."

Shangazi akakaa kwenye benchi katikati ya matairi mapya, mkoba magotini, mgongo wima. Akawa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Baiskeli ilikuwa imesimama dirishani. Rangi yake ya kijani kibichi kilichopauka. Tairi zake upana wa vidole vitatu, zenye meno madogo madogo. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Nyuma kulikuwa na karia ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, kwa vipimo vya boksi la chanjo, ambalo sikuwahi kumpa vipimo vyake.

"Boksi ulijuaje?"

"Nimekuona ukipita nalo," akasema. "Mara kadhaa. Ukiwa kwa miguu."

Nikaishika breki.

"Za diski hizi," akaendelea haraka, kama aliyeshukuru kupata la kusema. "Mvua isikutie hofu. Kwenye lami unashika hapa juu, unakaa kwa raha. Ukifika kwenye changarawe unashusha mikono hapa chini, unakuwa na nguvu ya breki. Gia ndogo kabisa hii, hata ule mlima wa shule utaupanda ukiimba."

"Mimi siimbi."

"Zamani ulikuwa unaimba."

Shangazi akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

Juu ya meza kulikuwa na daftari lake, lililofunguliwa kwenye ukurasa wangu. Niliutambua. Miaka minane iliyopita nilikuja kununua baiskeli ya kwanza, akaniambia nisimame ukutani, nibane kitabu chenye jalada gumu kati ya mapaja, nikipandishe mpaka juu, naye akaweka alama ya penseli ukutani usawa wa kitabu. Alipima kutoka sakafuni. Akapima mikono. Akapima bega hadi bega, na pale akasahau namba mara tatu, akalazimika kurudia. Nilijua anasahau kwa makusudi, nikanyamaza kwa makusudi. Mwaka mmoja baadaye alikuja kwa Shangazi amevaa shati lililopigwa pasi, kuniposa, Shangazi akamwambia hapana, hamtoi mtoto wake akapakwe grisi. Jioni yake Spoku aliniambia, "Shangazi yako amekataa," na habari ikaishia hapo.

Sasa nikatazama namba zile kwa mwandiko wake mdogo. Alikuwa amezihifadhi. Ningeweza kulia pale pale, mbele ya matairi yote.

"Twende tukaijaribu," akasema. "Unaujua utaratibu."

Nilikuwa naujua. Hakuna baiskeli inayotoka kwenye duka lile kabla mteja hajaipanda mpaka kwenye kalavati na kurudi, nusu ya njia lami na nusu changarawe, mteja mbele na fundi nyuma kwenye baiskeli yake. Spoku husema mteja anaweza kudanganya kwa mdomo, kwa mgongo hawezi.

"Msichelewe," Shangazi akasema.

*

Kwenye lami nilikuwa malkia. Tairi zilikuwa zikitoa mlio wa chini, upepo ukiniingia kwenye mikono ya blauzi. Nilisikia cheni yake nyuma yangu na nikajua anautazama mgongo wangu, na moyo ukanijaa ujinga wote ambao nilidhani umekwisha. Nikajiambia amenikumbuka. Miaka saba, na mtu huyu amenikumbuka kwa sentimita.

Kisha changarawe ikaanza. Nikashusha mikono kama alivyonielekeza, na mgongo ukanichoma mpaka machoni. Usukani ulikuwa chini mno, mbali mno. Kila nilipokanyaga pedali ya kushoto ilinibidi niteleze juu ya kiti niifikie, nyonga ikawa inayumba huku na huku. Nikang'ata meno. Nikafika kwenye kalavati, nikashuka, nikajishika kiuno kwa mikono miwili.

Spoku akaegemeza baiskeli yake. "Nyonga inacheza," akasema. "Haikuwa inacheza."

"Inacheza."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ajali. Mguu huu mfupi. Na mgongo haufiki huko ulikouweka usukani wako."

Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, na nikaona anavyoelewa polepole, fundi aliyesifika mji mzima kwamba hakosei kipimo.

"Sikukupima," akasema.

"Hukunipima. Umemtengenezea baiskeli msichana wa zamani, na ni nzuri, Spoku, naapa ni nzuri. Yeye angeipenda. Mimi inaniumiza."

"Nilidhani naheshimu..." Akaacha. "Nilidhani utafurahi kwamba sijasahau."

"Nilifurahi. Mpaka lami ilipoisha."

Akakaa kwenye ukingo wa kalavati. Chini yetu maji hayakuwepo, kulikuwa na mchanga na kandambili moja ya mtu. Nikakaa pia, nikaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Ulisikia nilipoumia?" nikamuuliza. Swali hilo nilikuwa nimelala nalo miaka mitatu.

"Nilisikia siku ileile."

"Hukuja."

"Nilikuja."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa akichokonoa grisi chini ya ukucha.

"Nilikuja mara mbili. Mara ya kwanza nilifika mlango wa wodi, nikamwona shangazi yako anakulisha uji. Nikarudi."

"Shangazi," nikasema, na hasira yangu ya zamani ikanyanyua kichwa. "Kila mahali Shangazi. Na mara ya pili?"

"Mara ya pili hakuwepo."

"Sasa ya pili ulizuiwa na nani?"

Lori likapita, vumbi likatufunika, tukangoja litulie.

"Ulikuwa unajifunza kusimama," akasema. "Umeshika magongo mawili, muuguzi yuko pembeni. Ukasimama, ukakaa. Ukasimama tena. Mimi nimesimama kwenye korido nikajiuliza, nikiingia nitamwambia nini?"

"Ungesema pole."

"Ndiyo."

"Neno moja, Spoku. Hata kuku wangu wangeweza."

Akacheka, mimi nikacheka, kisha hakuna aliyekuwa anacheka. Nilikuwa nimemweka Shangazi kati yetu kwa miaka yote hiyo, nikamlaumu kwa kila jioni niliyokula nikitazama ukuta, na kumbe kwenye korido ile hapakuwa na mtu wa kumzuia. Nilihisi upweke ambao sikuwahi kuuhisi hata wodini. Wodini angalau nilikuwa nikijiambia kuna mahali yupo anazuiliwa.

"Bado nakupenda," akasema kuelekea kwenye mchanga. "Sijaoa. Sijatafuta. Nafungua duka, nafunga duka."

"Na mimi nakupenda," nikasema. Sikuona sababu ya kuficha, umri huu. "Nilikuwa nakuchukia vizuri tu mpaka uliposema, 'Nimeuandika.'"

Mkono wake ukaivuka ile nafasi ya mtu mmoja, ukaukuta wangu. Ulikuwa na sugu na joto, kama nilivyoukumbuka. Tukakaa hivyo. Sijui ni dakika ngapi.

"Shangazi yuko dukani," nikasema.

Vidole vyake vikalegea kidogo.

"Yuko kwenye benchi lako, hatua kumi kutoka kwenye meza yako. Mwambie hayo uliyoniambia. Sitaki uniletee wazee wala mashahidi. Simama mbele yake, useme."

"Leo?"

"Leo."

"Akikataa tena?"

"Akikataa nitakuwa nimesimama nyuma yako. Safari hii sitakuwa chumbani nimejifungia nalia. Wewe sema tu, Spoku. Mengine yote niachie mimi."

Akanitazama machoni, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi. "Nitasema," akajibu, nami nikamwamini kwa moyo wangu wote.

*

Tuliporudi alifungua ukurasa mpya. Alinipima ukutani, kitabu kilekile chenye jalada gumu, lakini safari hii alipima kila mguu peke yake. Alinipima nikiinama mpaka pale maumivu yanapoanza, akasema, "Hapo hapo, usijilazimishe," kwa sauti ya chini ambayo Shangazi hakuisikia, na nikatamani kipimo kisiishe. Hakusahau namba hata moja. Aliandika zote bila kurudia, amekaza uso.

Kisha akafanya kazi. Alibadilisha kile kipande kinachoshika usukani, akaweka kifupi kilichonyanyuka. Akausogeza usukani kwangu, akaupandisha, akarudi nyuma kutazama, akaupandisha tena. Alichonga kipande cha mpira upana wa kidole, akakifunga kwenye pedali ya kushoto kwa skrubu nne. Hakuna mtu aliyewahi kushughulika na mguu wangu kwa makini kiasi kile, na wodini walikuwepo madaktari watatu.

Shangazi alikuwa akitazama yote. Alikuwa hajasogea kwenye benchi.

"Tayari," Spoku akasema hatimaye.

Nikamtazama. Akajua. Akachukua kitambaa, akafuta mkono mmoja, akafuta wa pili, akafuta tena ule wa kwanza. Akaanza kwenda. Nilizihesabu hatua zake, sitaki kusema uongo. Alifika mbele ya Shangazi akasimama, mikono pembeni, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mama," akasema.

Shangazi akanyanyua uso. Akauondoa mkoba magotini, akauweka chini. "Naam, mwanangu?"

Mwanangu. Nilisikia kwa masikio yangu. Nilisogea, nikasimama nyuma yake kama nilivyoahidi, nikawa naona shingo yake na jasho lililokuwa likiteremka kwenye kola.

"Mama, nilikuwa nataka kusema..."

"Sema, nakusikiliza."

Nje mtu alipita anapiga kengele ya baiskeli.

"Baada ya wiki mbili airudishe," akasema. "Nati za karia zinahitaji kukazwa tena. Mpya huwa zinalegea."

Shangazi alisubiri. Alisubiri muda mrefu, kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwake, macho yake yakiwa yamemtulia usoni bila ukali wowote.

"Hilo tu?" akamuuliza.

"Hilo tu, mama."

"Haya. Asante, fundi."

Spoku hakugeuka kunitazama. Alirudi mezani akaanza kupanga spana zilizokuwa zimeshapangwa. Nikalipa, nikaaga kama mteja, nikaitoa baiskeli nje.

*

Tulitembea kando ya barabara, mimi nikiisukuma baiskeli, yeye na mkoba wake. Tulipita maduka mangapi sijui. Nilikuwa sisikii chochote.

"Nilikuwa nimeshajiandaa kusema ndiyo," Shangazi akasema.

Nikasimama.

"Tembea, tutagongwa. Nilijua tangu uliponiambia ni duka gani. Nikajisemea, leo anakuja kuniuliza tena, nami safari hii sitamsumbua. Ndiyo maana nikavaa viatu hivi. Vinanibana."

"Ulimkataa, Shangazi. Ulisema grisi."

"Nilisema. Na baba yangu alimwambia marehemu mume wangu kwamba hatoi binti kwa mtu mwenye masikio makubwa namna ile. Nyumbani kwetu, anayekuja mara ya kwanza hukataliwa. Kila mmoja alikataliwa. Ni kutaka kumwona akirudi. Mume wangu alirudi mara nne, ya nne mvua ikimnyeshea, na yale masikio yake." Akauhamishia mkoba mkono wa pili. "Nilimsubiri huyu fundi wako mwezi mzima. Kila gari likisimama nje nilikuwa nachungulia dirishani. Hakuja."

"Hukuniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba hajarudi? Niliona ni afadhali unichukie mimi. Mimi nipo hapo kila siku, ungeweza kunichukia kwa raha zako."

Miaka saba nilikuwa nimemnyima mwanamke huyu hata "umeamkaje" ya maana, naye akala chakula chake mbele yangu kila jioni, akaosha sahani, akaenda kulala.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe zamani. Panda hiyo baiskeli, umeinunua ya nini? Unaitembeza kama mbuzi."

"Nikipanda nitakuacha nyuma."

"Niache. Nyumbani napajua."

Nikapanda. Lami iliisha pale kwenye kona ya kinu, changarawe ikaanza, nikashusha mikono. Usukani ulinipokea mahali haswa mgongo wangu ulipotaka kuishia. Mguu wa kushoto uliikuta pedali bila kutafuta. Nyonga ilitulia, tairi zikayapita mawe kama hayapo, na mwili mzima, tangu ile ajali, kwa mara ya kwanza haukuwa ukiniuma popote. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, na sikuwa na hata maumivu ya kusingizia.